Mirathi kabla ya mapenzi: kisa cha sebule moja ya Kinondoni

Usuli

Kisa hiki kimetokea Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni. Mtaa sitautaja. Majina yote ni ya kupanga, na kazi za watu wawili nimezibadilisha ili wasitambulike. Wahusika wameusoma uchambuzi huu kabla haujatoka. Wawili waliniomba nifute maneno yao, nimeyafuta.

Mimi nafundisha fasihi. Nimeandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wakutubi, na yeyote anayetamani kuwakusanya watu watazame na kusoma pamoja. Nimesikia mara nyingi mno ikisemwa kwamba wanaopenda filamu zilizotokana na riwaya za mapenzi za zamani ni watu wa kupoteza muda. Nimekaa na watu hao Jumapili sita mfululizo, na nyingine kadhaa baadaye. Kazi niliyoiona ikifanyika sebuleni pale, darasani kwangu huwa naiomba bila kuipata.

Mwenye sebule namwita Mama Cherehani. Ni fundi wa nguo za kike, na sebule yake iko nyuma ya chumba cha kazi. Aliyeleta moto ndani ya nyumba ni binti wa dada yake, Neema, mwanafunzi wa chuo. Neema aliiona filamu ya Pride and Prejudice ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza Jane Austen na kuongozwa na Joe Wright, Keira Knightley akiwa Elizabeth Bennet na Matthew Macfadyen akiwa Bwana Darcy. Akairudia mpaka akawa anaijua kwa ghibu. Baadaye akapata diski za tamthilia ya BBC ya 1995, sehemu sita, mwandiko wa Andrew Davies, Jennifer Ehle na Colin Firth wakiwa wapenzi wale wale. Akamwita mama yake mdogo atazame naye.

Mama Cherehani aliingia kwa mlango mwingine kabisa. Alisimamisha picha kwenye dansi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Hii melimeli." Gauni za wakati ule, kiuno kimepandishwa hadi chini ya kifua, zilishonwa kwa pamba nyepesi, na vitambaa vilivyosifika kuliko vyote vilitoka Bengal. Neno lenyewe, melimeli, limetufikia pwani kwa biashara hiyo hiyo ya Bahari ya Hindi. Ndiye pia aliyeona kwamba kwenye filamu ya 2005 viuno vingi viko chini kuliko kwenye tamthilia. Nilikuja kumweleza sababu: Wright aliurudisha muda nyuma hadi miaka ya 1790, wakati Jane Austen alipoandika rasimu ya kwanza, ingawa riwaya yenyewe ilitoka 1813. Yeye alikuwa ameliona kwa jicho la mkasi, bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi ya kwanza

Neema alialika, na watu 17 wakaja: majirani, wateja, mafundi wanafunzi, na vijana wanne wa kiume walioongozana na Kaka Sauti. Huyu amewahi kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, kwa mtindo tunaoujua tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wa filamu aliyevuma: mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, anasema maneno ya wahusika wote na kutia maelezo yake katikati. Wengi waliokuja wasingeweza kukifuata Kiingereza kile, na maandishi ya chini ya picha nayo ni Kiingereza kile kile. Bila Kaka Sauti wasingekaa.

Walianza saa tisa alasiri wakiwa na nia ya kumaliza sehemu zote, yaani karibu saa tano na nusu za picha. Kaka Sauti akafanya alichozoea. Bwana Bingley akawa "bosi mpya wa mjini", Darcy akawa "tajiri mnunaji", Mama Bennet akapewa sauti ya kuku anayetaga, na watu walicheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Sehemu ya pili ilipoisha vijana walikuwa wameanza kutazama saa, maana jioni hiyo kulikuwa na mechi. Magharibi ikaingia, wengine wakaenda kuswali wasirudi. Umeme ukakatika kwa dakika ishirini. Ulipowaka walikuwa wamebaki watu tisa.

Ndipo ikafika posa ya kwanza ya Darcy. Darcy anaingia chumba alimo Elizabeth peke yake. Anakaa, anasimama, anazunguka chumba, hasemi neno. Wanaoipenda hadithi hii wanaingojea dakika hiyo kama mtu anavyongojea adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Kaka Sauti, ambaye kazi yake imemfundisha kwamba ukimya ni hasara, akaujaza: "Mtoto, nimekuzimikia, sijiwezi, nipe namba." Sebule ikalipuka kwa kicheko.

Neema aliinuka akazima runinga. Alikuwa analia. Akasema, "Kaka, hii mimi nimeingoja mwezi mzima." Kaka Sauti akajibu kwamba hajalipwa hata nauli, akabeba spika yake akaondoka. Hawakusemezana wiki nzima, nao ni watu wa mtaa mmoja wanaonunua chapati kwa mama mmoja. Mama Cherehani akanipigia simu.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikaa watu watano chumba cha kazi, katikati ya vipande vya vitenge, tukazungumza karibu saa mbili.

La kwanza lilikuwa rahisi: sehemu moja kila Jumapili. Tamthilia ile ilitengenezwa iliwe hivyo. BBC iliirusha Jumapili sita, kuanzia tarehe 24 Septemba hadi 29 Oktoba 1995, na kila sehemu imekatwa mahali pa kukuacha na kiu. Sebule ile inaijua kiu hiyo, maana tamthilia za Kituruki na za Kikorea wanazifuata vivyo hivyo, na katikati ya juma wanazijadili kwenye foleni ya maji. Kuzimimina sehemu zote sita kwa jioni moja kulikuwa kuwanyima watu siku sita za kubishana.

Mmoja wetu akapendekeza kiingilio, buku mbili kwa kichwa, ili gharama zirudi. Nilipinga. Diski ya nyumbani inauzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ukianza kutoza watu umefungua ukumbi wa sinema, na hapo unahitaji ruhusa ya mwenye haki. Riwaya yenyewe ni habari nyingine: Austen alifariki 1817, haki za kitabu zimekwisha zamani, na mtu yeyote anaruhusiwa kukinakili, kukisoma mbele za watu na kukitafsiri. Wakakubaliana kuchangia chai na vitumbua, na kununua umeme kwa zamu. Wakati ule sikujua kwamba ruhusa hiyo ya kutafsiri ndiyo ingekuja kuwa kiini cha kila kitu.

La Kaka Sauti ndilo lililotuchelewesha. Neema hakutaka hata kulisikia jina lake. Mimi nilikuwa upande wa kumrudisha, na sababu yangu ilikuwa moja: yule kijana hakukosa kipaji, alikosa hadithi. Alikuwa anaiona ile tamthilia kwa mara ya kwanza wakati ule ule anaotafsiri. Tukaamua arudi kwa sharti kwamba kila Jumamosi usiku yeye na Neema wakae watazame sehemu ya kesho wawili tu, na Mama Cherehani awepo, kwa heshima ya nyumba. Sharti la pili: pale wahusika wanaponyamaza, naye anyamaze. Mama Cherehani ndiye aliyekwenda kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba. Alikwenda na sahani ya vitumbua, akakaa kibarazani kwao mpaka kijana akatoka.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wangu, na ndio ninaojivunia. Niliomba nusu saa ya Jumapili ya kwanza kabla runinga haijawashwa. Neema aliogopa nitaigeuza sebule darasa. Nikamwambia sitagusa mapenzi kabisa, nitazungumzia mirathi.

Jumapili sita

Walikuja watu kumi na watatu. Nikawaeleza kwamba Baba Bennet ana shamba la Longbourn lenye mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, mke mmoja, mabinti watano, na hana mtoto wa kiume. Hati ya ukoo imelifunga shamba lisiuzwe wala kurithiwa na mabinti. Siku Bennet akifumba macho, shamba na nyumba vinamwendea binamu wa mbali, Bwana Collins, na mama na mabinti wake wanaweza kutolewa nje.

Bi Mkubwa, mama mtu mzima anayeheshimiwa mtaani, ambaye tangu ujana wake amejifunza elimu ya mirathi ya Kiislamu, akaomba karatasi.

"Huyu Collins ni asaba?"

Asaba ni ndugu wa kiume wa upande wa baba, anayerithi kinachobaki. Nikasema ni binamu.

"Upande gani? Kama ni wa upande wa baba, mbona haitwi Bennet?"

Nafundisha fasihi, na swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza. Kitabu hakilielezi. Bi Mkubwa akasema basi tumhesabu asaba. Akaandika polepole, miwani imeshuka puani: mke ana watoto, anapata thumuni, mabinti ni zaidi ya mmoja na hawana kaka, wanapata thuluthi mbili, kinachobaki kinakwenda kwa asaba. Akaligawa shamba mafungu 120. Mama mafungu 15. Kila binti 16. Collins 25.

"Na kwa hao Waingereza wenu?"

Nikamwambia, Collins yote 120.

Sebule ikatulia. Mama Koku, ambaye kwao ni Kagera, akasema hili kwao si hadithi ya kale. Akakumbusha kwamba ni mwaka 1990 tu Mahakama Kuu, ikikaa Mwanza, ilipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Bi Mkubwa akakunja karatasi yake akasema, "Yule mama mliyemcheka wiki ile ana hofu. Nyinyi mkamwona mwehu."

Kuanzia hapo Mama Bennet hakuchekwa kwa namna ile tena. Alichekwa, maana anachekesha, lakini kinamama walikuwa wakimcheka kama mtu anavyomcheka dada yake. Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, alipomkubali Collins ambaye Elizabeth amemkataa, mabinti waliguna, na Mama Koku akawaambia, "Kapata nyumba. Mapenzi atayatafuta humo humo." Binti mmoja fundi mwanafunzi akauliza Elizabeth mwenyewe angebaki na nini. Jibu limo kitabuni, na anayelitoa ni Collins, katikati ya posa yake: pauni 1,000 baada ya mama kufariki, kwa faida ya asilimia nne. Yaani pauni 40 kwa mwaka. Darcy anaingiza 10,000. Binti akapiga hesabu kwenye simu, akatuonyesha: mara 250. "Na huyo ndiye anayemkataa?" Akakaa akitazama kioo cha simu.

Nasimulia kwa urefu kwa sababu Jumapili ya posa ilitegemea Jumapili hii. Mtu asiyejua kwamba Elizabeth anachezea pauni 40 hawezi kuona ukubwa wa neno "hapana" lake.

Wakati huo Jumamosi usiku kulikuwa na kazi nyingine. Neema na Kaka Sauti walianza kwa kununiana, wakamaliza kwa kugombea vitenzi, jambo ambalo ni la heri. Uvumbuzi wa kwanza ulikuwa wa Kaka Sauti. Kitabuni Mama Bennet, pamoja na miaka yote ya ndoa, humwita mumewe "Bwana Bennet", na Neema alikuwa amelitafsiri hivyo hivyo. Kaka Sauti akasema mke wa hapa hamwiti mumewe bwana fulani. Anamwita Baba Jane, kwa jina la binti yao mkubwa. Jumapili, mara ya kwanza sauti ya Mama Bennet iliposema "Baba Jane, umesikia Netherfield imepata mpangaji?", niliwaona wazee wawili wakijiweka sawa kwenye mkeka. Walikuwa wamemtambua mtu.

Kwa posa walihangaika mpaka saa sita usiku. Kiingereza chake kinafungua kwa sentensi fupi: amepambana bure, haiwezekani, hisia zake hazizuiliki. Kaka Sauti hakutaka "nimepambana", alisema ni neno la ngumi na la siasa. Neema hakutaka "nimekuzimikia", na sasa hata Kaka Sauti hakulitaka. Ilipofika Jumapili, Darcy akaingia, akakaa, akasimama, akazunguka. Kaka Sauti alishusha kipaza sauti mpaka gotini. Tulisikia feni tu. Kisha akakipandisha, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Nimejizuia, nimeshindwa. Moyo haunisikii." Hakuna aliyecheka. Na Elizabeth alipomjibu kwamba hata wanaume wote duniani wangekwisha akabaki yeye peke yake asingemkubali, Bi Mkubwa alipiga kofi moja gotini, basi.

Jumapili ya nne niliharibu mimi. Ndiyo sehemu ambayo Darcy anajitosa ziwani kwenye shamba lake la Pemberley, kisha anakutana na Elizabeth akiwa na shati lililolowa. Ni tukio mashuhuri kuliko yote ya tamthilia ile, na kitabuni halimo. Ni la Andrew Davies. Kabla halijafika nikawatangazia hivyo. Nilidhani nawapa elimu. Darcy alipotoka majini watu walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri niseme jingine. Neema, ambaye ana adabu, alinisubiri mpaka nje, akaniambia, "Mwalimu, shikamoo, lakini ungetuacha tuone kwanza." Alikuwa na haki. Niliomba radhi Jumapili iliyofuata mbele ya wote, na kuanzia hapo mambo ya "kitabuni imekaaje" tuliyaweka baada ya picha, na yule tu aliyeuliza ndiye anayejibiwa.

Sehemu ya tano na ya sita zilikwenda kwa utulivu. Ya Lydia, mdogo wake Elizabeth, aliyetoroka na Wickham, mwanajeshi mwenye madeni, akiwa na miaka 16, hayakuhitaji maelezo kwa mtu yeyote mwenye binti.

Matokeo

Kati ya kumi na watatu wa Jumapili ya kwanza, kumi na mmoja walifika mwisho. Vijana wanne wa ile Jumamosi hawakurudi isipokuwa mmoja, aliyekuja mara mbili akakaa mlangoni.

Nilikuwa nimeleta nakala tatu za riwaya kwa Kiingereza. Nilitegemea zitazunguka. Mwezi mmoja baadaye, ukimwacha Neema ambaye alishaisoma, watu wawili tu walikuwa wameimaliza. Nakala moja niliikuta chini ya cherehani, ina alama ya chaki ukurasa wa kumi na nne. Kilichofanya kazi ni kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wangu. Kundi lilikuwa limegawanyika kama Simba na Yanga, upande mmoja wa Firth na 1995, upande mwingine wa Macfadyen na 2005, na ubishi ulikuwa wa kila siku. Wa 2005 walisifu posa ya kwenye mvua. Wa 1995 wakasema kitabuni hakuna mvua, posa iko ndani ya nyumba ya Collins. "Leta ushahidi!" Mtu akaenda kukichukua kitabu chini ya cherehani. Neema akaisoma sura hiyo kwa sauti, sentensi kwa sentensi, Kaka Sauti akiitia Kiswahili papo hapo. Walikaa nayo mpaka saa nne usiku. Wiki iliyofuata wakaomba sura nyingine.

Hivyo likazaliwa daftari. Ni daftari kubwa la mistari, lile ambalo Mama Cherehani alikuwa akiandikia vipimo vya wateja, na kurasa za nyuma sasa zimejaa tafsiri. Sentensi ya kwanza ya riwaya peke yake ina matoleo matatu na hakuna aliyeshinda. Inahusu mwanamume mwenye mali asiye na mke, na tamthilia imempa Elizabeth aitamke. Neema aliandika kwamba bwana wa namna hiyo "hana budi anatafuta mke". Kaka Sauti aliandika "lazima awe na haja ya mke". Bi Mkubwa akauliza neno la Kiingereza lililoko pale, "want", kwa asili lina maana gani. Nikamwambia katika Kiingereza cha Austen lina maana ya kupungukiwa. Akasema basi andikeni "amepungukiwa na mke", maana anayesema hivyo ni majirani wenye mabinti, yeye mwenyewe wala hajisikii kupungukiwa na chochote. Sijawahi kusikia maelezo bora ya sentensi ile.

Mama Cherehani ameshona gauni tano za kiuno cha juu kwa kitenge chepesi. Zote zimenunuliwa.

Baadaye walitazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999. Neema na wengine wawili walikuwa wameisoma riwaya hiyo kidato cha tano na cha sita, kwa ajili ya mtihani. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake, na Denge, kijana anayepigania uhuru. Hapo hapakuhitajika mtafsiri. Kaka Sauti alikaa na mikono mapajani usiku mzima, na alipotoka alisema hakuwahi kutazama filamu akiwa kimya tangu aanze kazi.

Uchambuzi

Nikipima kilichofanya kazi, naanza na mirathi, na sioni haya kusema ilipita kila kitu. Riwaya hizi zinaitwa za mapenzi, na kweli ni za mapenzi, lakini mapenzi yenyewe yamesimama juu ya ardhi, riba na hati. Mtazamaji wa Uingereza wa 1995 pengine naye alihitaji kuelezwa hati ya kufunga shamba. Mtazamaji wa Kinondoni alihitaji jina lake tu, kwa sababu jambo lenyewe amelikuta kwenye vikao vya matanga. Walipopewa mapenzi bila mirathi, kama ile Jumamosi, walipata vichekesho. Nilipotanguliza mirathi, walipata watu. Na kumbukeni kwamba sikuwafundisha mimi. Nilitoa robo ya habari, Bi Mkubwa akatoa hesabu. Mwalimu anayekwenda mahali kama pale bila kujua ni nani ndani ya chumba anajua nini, anapoteza nusu ya darasa lake.

Kumrudisha Kaka Sauti kungeweza kushindwa. Kama angekuwa mtu wa kiburi zaidi, au kama Mama Cherehani asingekwenda na vile vitumbua, tungebaki na maandishi ya chini na watu wanne. Lakini sikubaliani na wanaosema tafsiri ya kibandani ni uharibifu. Ni ufundi, na una sheria zake. Mchekeshaji wa kibandani anatafsiri kwa ajili ya mtu anayeweza kuinuka na kuondoka wakati wowote, ndiyo maana anaogopa ukimya. Tulipompa watu ambao wameahidi kukaa, na muda wa kuijua hadithi kabla, hofu ilimwisha na ufundi ukabaki. "Baba Jane" haikutoka chuoni. Ilitoka kwake.

Kosa langu la ziwani nimelifikiria sana, kwa kuwa ni kosa la kazi yetu. Shabiki anapofurahia tukio ambalo mwandishi hakuliandika, sisi walimu huwa tunaona nafasi ya kusahihisha. Lakini furaha ile ndiyo iliyomleta mtu. Tofauti kati ya filamu na kitabu ina thamani kubwa ikiulizwa na mwenye furaha mwenyewe, na ikatumika kama silaha ya ubishi, kama ilivyokuwa kwa mvua. Ukweli ule ule, niliposema mimi kabla, uliwapoza watu. Waliposema wenyewe baadaye, uliwafungulisha kitabu.

Nakala tatu za Kiingereza zilikuwa uamuzi mbaya na sitaurudia. Walioimaliza ni wale ambao wangeimaliza hata bila sisi. Fedha ile ingetosha madaftari na kalamu.

Vijana wa kiume tuliwapoteza, na hapa nalaumu mpangilio wetu. Jumapili jioni ni saa ya mpira, na hatukuwauliza. Yule mmoja aliyekaa mlangoni alifuatilia habari za deni la Wickham kwa makini kuliko mtu yeyote, namna Darcy alivyolilipa kimya kimya bila kumwambia Elizabeth. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli hakutaka ajulikane. Naamini wako wengi kama yeye.

Kazi ya daftari inaendelea. Kwa sasa wamekwama sura ya 35, kwenye barua ya Darcy baada ya kukataliwa, na wamekwama kwenye neno la nne la Kiingereza chake. Anamwambia asishtuke, kisha anamwita kwa heshima, "Madam". "Usishtuke, bibi" inamzeesha msichana wa miaka 20. "Mama" inamzeesha zaidi. Kwa adabu ya hapa mwanamume anamwita msichana asiye ndugu yake "dada", na Kaka Sauti alishaliandika, mpaka Bi Mkubwa alipomuuliza, mwanamume aliyeposa jana jioni, leo asubuhi anamwita dada? Kalamu ikawekwa chini. Mahali pa neno hilo kuna mstari mtupu, na chini yake barua imeanza kuendelea.